Nchi ya Zolume na Ziwa Linalosusa

Siku yangu ya mwisho shuleni, mwalimu wa darasa la tatu alinisindikiza hadi getini akiwa amenibebea kiti nilichopewa zawadi. Akaniambia, "Mama, yale mambo yako ya nchi za kutunga utuandikie. Ukishaondoka hakuna anayejua ulikuwa unaanzia wapi." Nikamwambia nitaandika nikishapumzika. Sasa nimepumzika wiki tatu. Mahindi nimepalilia mpaka hayana jani la kung'oa, na jirani ameniuliza mara mbili kama naumwa. Kwa hiyo naandika.

Habari za kupanda madaraja na mishahara hamtazikuta hapa. Hizo mnazijua, na hazijawahi kumchangamsha msomaji. Nitaeleza jinsi ya kujenga nchi ambayo haipo, ukiwa na watoto arobaini na kipande cha chaki, na jinsi nchi moja ya namna hiyo ilivyobakiza kidogo tu inifukuzishe kazi kwenye shule ya Gendabi.

Nilianza kazi Masieda, nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kisigino ambavyo vilinifia kwenye tope siku hiyohiyo niliyofika. Mwalimu mkuu alikuwa mzee Boay, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akavitazama viatu vyangu. Jioni mke wake aliniletea ndala.

Nilipewa Kiswahili darasa la tano, na kipindi cha insha kilinitia aibu. Watoto nyumbani waliongea Kiiraqw, Kiswahili walikikuta shuleni, na ukiwaambia waandike juu ya safari ya bandarini wanakutazama tu. Bandari yenyewe hata mimi nilikuwa sijaiona. Nikaamua kuwatungia nchi. Nikaiita Nchi ya Furaha: nyumba za dhahabu, mito ya maziwa, mfalme mwema, hakuna ugonjwa, hakuna fimbo. Nilichora ubao mzima kwa chaki za rangi, nikasema, haya, andikeni ukurasa mmoja juu ya maisha ya humo.

Nilikusanya madaftari, na karibu yote yalikuwa na sentensi moja: Nchi ya Furaha ni nzuri sana. Mtoto mmoja tu aliongeza kwamba maziwa yakikaa mtoni yataganda na nzi watajaa. Huyo ndiye aliyekuwa mwandishi darasani, na mimi nikampa alama mbili kwa kutofuata maelekezo. Mpaka leo najuta.

Mzee Boay alipitia madaftari yale ofisini, moja baada ya jingine, kwa heshima kama vile yalikuwa na kitu. Akaniuliza, "Mwalimu, nchi yako haina shida hata moja. Sasa hawa watoto wakiingia humo, watafanya nini?"

Kesho yake asubuhi alitutoa nje, mimi na darasa langu. Alikuwa na debe la majivu na maharage mfukoni. Kwa majivu akachora kijiji chao chini kwenye uwanja, kila nyumba akaiwekea haragwe. Akauliza, "Maji yako wapi?" Wakamwonyesha. "Nani anakaa juu ya maji, nani anakaa chini?" Wakamwonyesha. "Mwaka yakipungua, nani anakwenda kuongea na nani?" Hapo wakaanza kuongea wote, wale waliokuwa hawaandiki mstari. Akawaacha wabishane, kisha akasema, "Sasa tuseme maji haya, badala ya kushuka, yanapanda mlima. Nani atafurahi?"

Kengele ilipigwa hakuna aliyeisikia. Nilijifunza kazi yangu siku hiyo, nimesimama na ndala za mke wa mtu. Yote niliyofanya baadaye ni majivu na maharage ya mzee Boay.

Kwa hiyo, walimu wangu, anzeni na maji. Msianze na mfalme. Mfalme aje mwisho, na akiweza asije kabisa. Mkishajua maji yalipo mtajua nani analima, nani anachunga, nani anaamka mapema. Kisha wekeni ajabu moja. Moja tu. Watoto watataka kumi: ng'ombe anayeruka, mti unaosema, mtu asiyekufa. Wakatalieni bila kuwacheka. Ukiweka ajabu kumi hakuna anayeshangaa. Ukiweka moja, lazima uulize maswali: imebadilisha chakula gani, imebadilisha ugomvi gani, bibi kizee anaionaje? Siku hizi watoto wanaona kwenye simu majumba makubwa yenye theluji, wanachora hayohayo. Mimi huwauliza swali moja: theluji hiyo nani anaifagia? Basi hapo nchi inaanza.

Sheria za nchi msizitunge nyinyi. Sikilizeni watoto wanaogopa nini na wanaheshimu nini. Kuna darasa niliwahi kuliuliza, "Tajiri wa nchi hii ana ng'ombe wangapi?" Watoto wakainamia madaftari. Na mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo nusu ya ng'ombe wa baba walilala kwenye mazizi ya rafiki zake, na nusu ya waliokuwa kwetu walikuwa wa watu wengine, na hakuna mgeni aliyethubutu kuuliza idadi. Lakini mtu akishashika chaki anasahau alikotoka. Msichana mmoja akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo haiulizwi." Ikawa sheria ya kwanza ya nchi ile, na ilikuwa sheria nzuri kuliko zangu zote.

Sasa nije Gendabi, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Nilihamia pale nikiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza. Darasa la sita lilikuwa na watoto wa wakulima wa Kiiraqw na watoto wa wafugaji wa Kibarbaig, na mwaka ule hawakukaa dawati moja. Sababu ilikuwa njia. Zamani mifugo ilikuwa na njia yake ya kwenda kunywa lamboni. Mwaka hadi mwaka njia ikasinyaa, mashamba yakaisogelea pande zote mbili, mpaka ikabaki ya mbuzi. Ng'ombe wakipita wanakanyaga mahindi. Wakikanyaga mahindi wenye shamba wanatoka na fimbo. Shamba lililoibana njia zaidi lilikuwa la mzee Tluway, na ng'ombe waliolikanyaga zaidi walikuwa wa mzee Gidahuda. Mjukuu wa Tluway, Veronika, alikuwa darasani kwangu. Binti wa Gidahuda, Udameda, alikuwa darasani kwangu pia. Mmoja alikaa dirishani, mwingine mlangoni, na katikati yao nilikuwa mimi na insha.

Udameda alikuwa mtoto wa kwanza kwao kufika darasa la sita. Baba yake alikuwa ameshasema wazi kwamba ugomvi ukiendelea atahamisha mifugo na familia aende mbali, kwa ndugu zake, ambako shule ilikuwa mwendo wa siku nzima. Mtoto aliniambia hivyo akiwa ananifutia ubao, kama anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Nilimpenda sana mtoto yule. Alikuwa na akili ya kuuliza kitu cha pili baada ya kujibiwa cha kwanza.

Nikaanzisha nchi. Jina tulilipata kwa kadi za silabi za darasa la kwanza, kwa sababu nilitaka lisiwe la Kiiraqw wala la Kibarbaig wala la mtu yeyote. Tulizitia kadi kwenye kopo, watoto watatu wakachomoa moja moja: zo, lu, me. Zolume. Wakalisema mara tatu, likakaa.

Ajabu ilitoka kwa Udameda. Wote walikuwa wameshaona ziwa Balangida linavyokauka kiangazi na kubaki chumvi tupu, na yeye akauliza, "Mwalimu, likikauka linakuwa limekwenda wapi?" Nikamwambia sayansi yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi naona limesusa." Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka. Ikakubaliwa kwamba ziwa la Zolume linasikia. Watu wakigombana ufukweni, linanyanyuka, linajikunja, linakwenda kukaa nyuma ya kilima. Na halirudi kwa kuitwa na upande mmoja. Lazima waende wote, na kila upande uliambie ziwa kosa lake wenyewe, siyo la wenzao. Hilo la kukiri kosa aliliongeza Veronika, akiwa amegeukia mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza wale wawili kuchangia sentensi.

Wakachora ramani. Tulifumua mifuko ya mbolea, tukaishona pamoja, tukaipaka uji mzito wa ngano ili ikauke ngumu. Mkaa ulichora milima, udongo mwekundu ulipaka mashamba, na bluu ya kufulia nguo ndiyo iliyokuwa ziwa. Nilikuwa nimewafundisha kama nilivyofundishwa, kwamba nchi ya kutunga isimame juu ya ardhi ambayo miguu yako inaijua. Wakanielewa kupita kiasi. Kilima kilikuwa kilima chetu. Barabara ilikata kona palepale inapokata. Na Veronika, kwa mkono wake, alichora njia pana ya mifugo kuelekea majini, katikati kabisa ya shamba la babu yake. Udameda naye alikuwa amechukua kipande kikubwa cha malisho ya baba yake akakipaka udongo mwekundu, kikawa shamba la mahindi. "Na wao lazima wale," aliniambia.

Uji wa ngano haukukauka ndani. Nikasema tuitoe, tuianike kwenye ua wa shule, upande wa barabara wenye jua. Sikukumbuka kwamba ilikuwa siku ya mnada.

Mnajua siku ya mnada barabara ile inakuwaje. Kata nzima ilipita mbele ya ramani yangu. Na wiki chache kabla yake walikuwa wamekuja watu wenye vifaa vya kupimia, wakazunguka, wakapiga picha, wakaondoka bila kueleza kitu, kwa hiyo kila mtu alikuwa anasubiri aone ardhi yake imefanywa nini. Sasa wakaiona, ina rangi, imeshonwa vizuri, iko kwenye ua wa serikali. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha.

Mzee Tluway alikuja kwanza, hata kuamkiwa hakungoja. Mzee Gidahuda alifika kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Mmoja alitaka kujua nani amepitisha barabara ya ng'ombe shambani kwake. Mwingine alitaka kujua nani amegeuza malisho yake kuwa shamba. Kwa muda wa miaka mingi wale wazee hawakuwa wamekubaliana jambo lolote, na siku hiyo walikubaliana kabisa kwamba mwenye makosa ni mimi.

"Wazee wangu, hiyo ni nchi ya hadithi," nikasema. "Haipo."

"Haipo?" akasema Tluway. "Mbona mwembe wangu upo?"

Kweli ulikuwepo. Veronika alikuwa ameuchora vizuri sana.

Mwalimu mkuu wa pale aliniita pembeni akaniambia niitoe ramani na niichome mbele ya watu ili yaishe. Alikuwa na hofu, simlaumu, nyuma yake kulikuwa na watu wa mnada mzima. Gidahuda alikuwa ameshamshika binti yake mkono. "Huyu anakwenda nyumbani," akasema. "Na Jumatatu hatarudi. Shule inayogawa ardhi yangu siyo shule."

Niliogopa. Siyo kwa ajili ya kazi, ingawa hata hiyo ilikuwa mashakani. Niliona mkono wa Udameda ndani ya mkono wa baba yake, una bluu mpaka kwenye kiwiko, na nikaona kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo kwa kutafuta jua la kukaushia uji.

Nikamwomba mwalimu mkuu dakika kumi kabla ya kiberiti. Nikawaambia wazee, "Ramani sikuchora mimi. Waliochora ni hawa. Waulizeni wao, kisha mkitaka tuchome."

Tuliingia darasani, wazee wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa juu. Ramani ikabandikwa ubaoni. Veronika na Udameda wakasimama mbele. Veronika alieleza yote: maji yako wapi, nani yuko juu, nani yuko chini, ziwa linavyosusa.

"Linasusaje?" akauliza Tluway.

"Linaondoka, babu. Usiku mmoja tu, asubuhi unakuta matope."

"Na ng'ombe?"

"Wanakufa," akasema Udameda. "Na mahindi yanakufa. Linasusia wote."

Gidahuda akaegemea fimbo yake. "Linarudishwaje?"

Mabinti wakatazamana. Udameda akasema, "Mnakwenda wote. Kila upande unataja kosa lake. Ukitaja la mwenzako, ziwa linasogea mbele zaidi."

Nikasogea nyuma, nikawaachia wazee nafasi.

Aliyeongea kwanza alikuwa Tluway, na aliongea kama mtu anayesahihisha daftari. "Hiyo njia yenu ina upana gani?"

"Ng'ombe wanane, wakitembea sambamba," akasema Veronika.

"Nyembamba," akasema Gidahuda. "Ng'ombe akishasikia harufu ya maji hapangi foleni. Weka kumi na wawili."

"Kumi na wawili ni shamba zima," akasema Tluway. "Weka kumi, na pembeni upande ua wa manyara, pande zote mbili, wasione mahindi. Ng'ombe asipoyaona hayataki."

"Anayaona kwa pua."

"Basi pembeni ya ua upande alizeti kwanza, mahindi yakae mbali."

Wakaendelea hivyo mpaka watu wa mnada wakachoka kuchungulia dirishani wakaenda zao. Wazee wale walibishana juu ya Zolume kuliko walivyowahi kuongea juu ya Gendabi, na bila tusi hata moja, kwa sababu Zolume haikuwa ya baba yake mtu. Hakuna aliyetamka jina la shamba halisi. Mwisho Gidahuda akasimama, akaitazama ramani kwa karibu, akasema isichomwe. Lakini alimchukua binti yake, wakaondoka.

Jumatatu Udameda hakuja. Jumanne hakuja. Nilifundisha vibaya sana siku hizo, mnisamehe niliowafundisha. Kila nikisikia hatua nageuka mlangoni.

Jumatano Veronika alichelewa. Nilikuwa tayari kumfokea, akaniambia kwamba babu yake alikwenda jana kwa akina Udameda, yeye akambebea asali. Walikaa zizini. Babu yake akasema kwamba kila msimu wa kulima alikuwa anaongeza mifereji miwili ya jembe kuingia njiani, miwili tu, isionekane. Mzee Gidahuda naye akasema kwamba mara mbili ng'ombe hawakuingia shambani wenyewe, aliwaelekeza yeye. Baada ya hapo wakanywa ile asali kwenye chai, wakaongea habari za mvua.

Nilimwuliza Veronika kwa nini amechelewa basi. Akanyoosha mikono yake. Ilikuwa na utomvu wa manyara. "Tulikuwa tunapanda ua," akasema. "Upana wa ng'ombe kumi."

Alhamisi Udameda aliingia darasani, akaniamkia, akapita moja kwa moja hadi dawati la dirishani, akamwambia Veronika asogee. Nilisema nakwenda kuchukua chaki stoo. Nilikwenda stoo nikalia, nikarudi bila chaki.

Ramani ilikaa ukutani mpaka panya walipoumaliza ule uji wa ngano. Nimejenga na watoto nchi nyingi baada ya hiyo, nyingine nzuri zaidi, zenye ajabu bora na sheria kali. Kuna moja ambayo vivuli vilikopeshwa kama ng'ombe, naipenda hadi leo. Lakini hakuna iliyotoka nje ya darasa kama Zolume.

Mwaka wangu wa mwisho kazini walikuja wapimaji tena, safari hii wakiwa wameitisha mkutano, na kila njia ikatembelewa na kuandikwa jina. Udameda, sasa mtu mzima, alikuwa kwenye kamati ya kijiji, ameshika mwisho mmoja wa kamba ya kupimia. Mimi nilifuata nyuma kama mstaafu mtarajiwa asiye na kazi. Tulipofika kwenye njia ya mifugo, ua wa manyara ukiwa umeshapita kichwa cha mtu, mpimaji kijana akauliza inaitwaje.

"Njia ya Zolume," wakasema watu watatu kwa pamoja.

Akaandika, akasita. "Zolume ni neno la lugha gani?"

Nilifungua mdomo. Mzee Tluway akaniwahi. Alikuwa ameshazeeka sana, anatembea kwa kushikwa, na aliyekuwa amemshika mkono siku hiyo alikuwa Gidahuda.

"Ni la zamani sana hilo," akasema Tluway bila kupepesa macho. "Sisi tulilikuta."

Mpimaji akamgeukia mzee aliyemshika mkono. Mzee Gidahuda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumuunga mkono Tluway mbele ya watu, akatikisa kichwa taratibu kukubali.

"Hata babu yangu alilikuta," akasema.

Udameda alinitazama kutoka upande wa pili wa kamba, midomo ameibana asicheke. Kijana akaandika.